Leseni ya Uingereza kwa aliyejifunzia udereva Dar

Ukifika Uingereza na leseni yako ya Tanzania, unaruhusiwa kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu ulipoanza kuishi huku. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba miezi hiyo haisimami ukienda likizo nyumbani, haianzi upya ukirudi, na ile leseni ya kimataifa uliyokatiwa kabla ya safari haikuongezei hata siku moja. Nimekaa kwenye sherehe ya kipaimara nikasikia mtu mzima, mwenye akili zake timamu, akisema: "Mimi kila Desemba naenda Moshi, kwa hiyo yangu haiishi." Inaisha. Na ikishaisha, mbele ya sheria wewe ni sawa na mtu ambaye hajawahi kushika usukani, hata kama umeshawahi kutoka Dar hadi Mwanza usiku kucha peke yako. Wenzetu wa Zimbabwe na Afrika Kusini wanabadilishiwa leseni bila mtihani kwa sababu nchi zao zimo kwenye orodha. Sisi hatumo.

Nilikuja Leicester kwa kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Asiye na gari kwenye kazi hii anaumia. Ratiba inakupa bibi wa kwanza saa moja asubuhi upande mmoja wa mji, babu wa pili saa mbili kasoro robo upande mwingine, na basi halina habari na ratiba yako. Wenye leseni wanapangiwa mizunguko ya gari, wengine mnapangiwa ya miguu, na mizunguko ya miguu ni michache. Kwa hiyo sikuhitaji kushawishiwa. Nilihitaji tu mtu wa kunieleza mambo yanavyokwenda, na wengi niliowauliza walinieleza vibaya.

La kwanza ni leseni ya kujifunzia. Unaiomba mtandaoni kwa pauni 34, mradi kibali chako kinakuruhusu kukaa nchini angalau siku 185. Iombe mapema, hata kama ile miezi 12 ndiyo kwanza imeanza. Haikuzuii kuendelea kutumia ya nyumbani, na mfukoni ni kitambulisho kizuri kuliko kutembea na pasipoti.

Halafu mtihani wa nadharia, pauni 23. Maswali 50 ndani ya dakika 57, na unatakiwa kupata 43. Unafanywa kwa Kiingereza, au Kiwelisi kama una ndoto hizo. Zamani kulikuwa na sauti za kutafsiri kwa lugha kadhaa za wahamiaji, zikafutwa Aprili 2014. Niliingia kwenye kitabu nikidhani nitapita juu juu, maana alama za barabarani ni zilezile tulizorithi kwao. Kumbe wana vivuko vya waenda kwa miguu vya kila namna na kila kimoja kina jina la mnyama au ndege: kuna zebra, kuna pelican, kuna puffin, kuna toucan ambacho baiskeli nazo zinaruhusiwa, na kuna pegasus cha wapanda farasi. Mikumi hapana wanyama wengi hivyo kando ya barabara. Farasi mwenyewe ana sheria zake: unampita usizidi maili 10 kwa saa na unamwachia nafasi ya mita mbili. Nilicheka nikiwa nasoma. Baadaye, kwenye vijiji vya nje ya Leicester, nikakutana na farasi wawili na mabinti juu yake, na sikucheka.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyenidokeza ni mwendo. Kwetu kibao kinakwambia 50, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo yuko nyuma ya mwembe kuhakikisha. Huku unaweza kutembea mtaa mzima usione kibao chochote, kwa sababu nguzo za taa zenyewe ndizo kibao: zikiwa zimepangwa kando ya barabara na hakuna alama nyingine, mwisho wako ni maili 30 kwa saa, kama kilomita 48. Wales wameshusha hadi 20 tangu Septemba 2023. Na ile alama nyeupe ya duara yenye mstari mweusi wa kukata, ambayo mgeni anaiona kama ruhusa ya kukanyaga mafuta, maana yake ni 60 kwenye barabara ya kawaida na 70 kwenye barabara iliyogawanywa katikati.

Sehemu ya pili ya nadharia ni ya video, na hapo ndipo madereva wa kwetu wanashangaa matokeo. Unaonyeshwa video 14, unabonyeza kila unapoona hatari inaanza kujitokeza. Hatari za kuhesabiwa ni 15, alama jumla 75, na unatakiwa 44. Ukiwahi kubonyeza sawasawa unapata tano, ukichelewa zinapungua hadi sifuri. Ungedhani mtu aliyeendesha Kariakoo mwezi wa Ramadhani saa kumi na moja jioni atazoa zote. Tatizo ni kwamba dereva wa Dar anaona hatari kabla haijawa hatari. Mtoto amesimama mlangoni kwao, wewe umeshabonyeza. Gari limeegeshwa na kichwa cha mtu kinaonekana ndani, umeshabonyeza. Kompyuta inakuona umebonyeza kabla muda wa kuhesabu alama haujaanza, haikupi kitu, na ukibonyezabonyeza mfululizo inakufutia video nzima ikidhani unabahatisha. Dawa niliyoipata ni kubonyeza nilipoona jambo, kisha kubonyeza tena pale linapoanza kusogea. Mtoto mlangoni si hatari bado. Mtoto akishuka kwenye kingo ya barabara, hiyo ndiyo.

Sasa mwalimu. Kwenye kioo cha mbele cha gari la mwalimu aliyehitimu kuna beji ya kijani yenye pembe nane. Ukiona ya waridi yenye pembe tatu, huyo naye bado anasomea ualimu. Si kosa kumtumia, ila ujue, na bei yake isiwe ileile. Mahali nilipo saa moja ya somo ilikuwa pauni 35 hadi 40, kwa hiyo kila mazungumzo yasiyo ya lazima ndani ya gari ni pesa.

Wangu alikuwa mzee wa Kigujarati. Leicester imejaa familia zilizotoka Afrika Mashariki, wengine Uganda baada ya Amin kuwafukuza mwaka 1972, wengine Kenya kabla ya hapo. Wazazi wa mzee walihama Kisumu mwaka 1968 yeye akiwa mtoto wa shule. Kiswahili chake ni kile cha dukani na jikoni, kimekaa miaka yote hiyo bila kupigwa pasi, na aliposikia nimetoka Tanga alikifungua chote. "Mama, iko gari kulia. Wewe hapana ona?" Nimeona, mzee. "Wewe naona, mimi najua wewe naona. Lakini ile bwana ya mtihani hapana jua!"

Somo lote lilikuwa hapo, na hata leo nikiulizwa ninarudia maneno yake. Anayeendesha Dar anatumia jicho la pembeni. Hageuzi kichwa, maana hana muda. Bajaji iko kushoto, bodaboda mbili zinapita katikati, konda wa daladala ametoa mkono dirishani kukwambia anaingia utake usitake. Unazihisi zote bila kuziangalia, na unafika salama. Mtahini wa Uingereza hana njia ya kupima kuhisi. Anapima shingo. Kioo cha ndani, kioo cha pembeni, indiketa, ndipo gari lisogee. Kabla ya kupunguza mwendo, kioo. Kabla ya kuongeza, kioo. Kabla ya kuondoka ulipoegesha, geuka kabisa uangalie juu ya bega la kulia hata kama barabara ni tupu kama uwanja wa mpira Jumatatu. Mwanzoni niliona ni maigizo. Bado naona nusu yake ni maigizo, lakini nusu nyingine imeniokoa na baiskeli zaidi ya moja.

Gari la mzee lilikuwa la automatiki, na hilo lilikuwa uamuzi wangu. Tuliojifunzia kwenye IST na Vitz zilizotoka Japani hatuna habari na klachi. Ukifanya mtihani kwa automatiki, leseni yako itakuwa ya automatiki tu, na kuna vijana watakucheka. Waache. Kujifunza klachi na sheria mpya na mvua ya Novemba kwa pamoja, huku kila saa inalipiwa, ni kujitafutia shida, na magari ya umeme yanayoongezeka mitaani hayana gia ya kubadilisha. Anayelenga kuendesha gari la kazi aulize kwanza la kazini kwake ni la aina gani, basi.

Mitaa ya Highfields, hapahapa Leicester, ndiyo iliyonitoa jasho. Nyumba zimeungana kama behewa, magari yameegeshwa pande zote mbili, katikati imebaki njia ya gari moja, na mnaokutana ni wawili. Dar hapo anapita mwenye gari kubwa au mwenye haraka, na ishara yake ni taa kubwa: nakuja, kaa pembeni. Kwenye barabara kuu za mikoani taa hizohizo ni ukarimu, unamwambia mwenzako kuna trafiki mbele. Leicester mtu amesimama nyuma ya gari lililoegeshwa, akaniwashia taa, na mimi nikasimama vilevile nikimsubiri apite kwa vile ameshadai. Akawasha tena. Mzee akapiga paja lake: "Mama, yeye nasema wewe pita!" Kitabu cha sheria kinasema taa ni ya kumjulisha mtu kwamba upo, si zaidi, na kwenye mtihani usimwashie mtu wala usimwamini aliyekuwashia, angalia mwenyewe kama ni salama. Lakini mtaani maana yake ni hiyo, pita. Na ukipita unanyanyua mkono kushukuru. Usiponyanyua, kuna bibi nyuma ya pazia atakukumbuka.

Honi nayo isahau. Kati ya saa tano na nusu usiku na saa moja asubuhi hairuhusiwi kabisa kwenye makazi, na mchana wanaitumia kwa nadra kiasi kwamba ukiisikia unajua kuna ugomvi.

Zebra ilinichukua muda kuliko vyote. Nani asiyejua kwamba Dar kusimama kwenye zebra ni kumweka mtu hatarini? Unasimama kwa roho nzuri, mama anaanza kuvuka na mtoto, bodaboda inachomoka ubavuni mwako. Kwa hiyo dereva mwenye huruma kwetu anapunguza, anaangalia vioo, anatoa mkono nje kuwazuia wa nyuma, ndipo anamruhusu mtu. Huku tangu Januari 2022 kanuni zinataka umpishe hata yule anayesubiri kuvuka kwenye makutano unapokata kona, si aliyekwisha kanyaga lami tu. Watu hawakuangalii usoni. Wanavuka wakisoma simu, kwa imani ambayo mimi nisingempa hata ndugu yangu. Ilibidi nikubali kwamba wa nyuma yangu naye atasimama.

Halafu kuna upande wa pili, ambao wanaotishwa sana na mtihani huwa wanausahau: kusitasita nako ni kosa. Kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia, sawa na kwetu, tofauti ni kwamba huku wanampisha kweli. Mgeni akishaambiwa awe mwangalifu anaganda hapo, nafasi ya kwanza inapita, ya pili inapita, na mtahini anaandika. Dar tunaingiza pua taratibu mpaka mwenye njia achoke. Huku pua haiingizwi. Unasubiri nafasi yenyewe, na ikija unaingia bila kujiuliza mara mbili. Mzee alikuwa akinisimamisha kando tuhesabu magari ya watu wengine: hiyo ungeingia? Hiyo je? Lilikuwa somo la bei nafuu kuliko yote, gari limezimwa.

Nina rafiki aliyekuwa dereva wa semi njia ya Tunduma, mtu aliyeshuka Kitonga na tani zake mara zisizohesabika. Kwa kuendesha, mimi si lolote kwake. Mtihani wake ulikwenda vizuri mpaka walipotoka nje ya mji kwenye barabara ya A47, gari dogo likamganda nyuma likitaka kuovateki, na mbele lori linakuja. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye indiketa ya kulia. Kila dereva wa masafa nyumbani anaelewa lugha hiyo: kulia, usipite, kuna kitu mbele, kushoto, njia nyeupe, pita. Ni ubinadamu wa barabarani na umeokoa roho nyingi. Mtahini akamuuliza kwa upole anakusudia kukata kulia wapi, maana kulia kulikuwa na shamba la kondoo. Ishara ya kupotosha, kosa kubwa, mtihani umekwisha ingawa walirudi hadi kituoni kimya kimya. Alikasirika wiki nzima. Ninamwelewa, na bado naona mtahini alikuwa sahihi, kwa sababu wa nyuma yake hakujua lugha ile. Angeamini gari linakata kulia na pengine angempita kwa kushoto.

Kupata tarehe ya mtihani wa vitendo ni vita kuliko mtihani wenyewe. Ada ni pauni 62 siku za kazi na 75 jioni au wikendi, lakini nafasi ni chache kuliko watu na unaweza kupangiwa miezi kadhaa mbele. Nafasi mpya huwekwa mtandaoni Jumatatu saa 12 asubuhi, kwa hiyo tegesha simu. Wapo walanguzi wanaozikamata na kuziuza kwa bei ya kuruka, na siku hizi wameingia hadi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp kwa Kiswahili kitamu: "Dada, nakupatia tarehe ya wiki ijayo." Atakuomba namba ya leseni na ya cheti cha nadharia. Usimpe. Afadhali uende kituo cha mji wa jirani. Kumbuka pia cheti cha nadharia kinaishi miaka miwili. Ukichelewa kufaulu vitendo, unarudi kwa wale pelican na puffin.

Siku yangu ilikuwa ya manyunyu. Mtahini alinitaka nisome namba ya gari lililoegeshwa mita 20 mbele, akauliza ningejuaje kama breki zinafanya kazi, tukatoka. Safari yote ni kama dakika 40, na nusu yake mara nyingi unafuata kifaa cha ramani wenyewe wakiwa wamekufungia kwenye dashibodi. Ukipotea njia si kosa, ilimradi umepotea kwa usalama. Hilo litie moyoni, maana wengi wanaharibu kwa kukata kona ghafla ili wasipitwe na mshale. Makosa madogo yanavumiliwa hadi 15. Kubwa ni moja tu na safari imekwisha. Katikati ya barabara akaniambia nimwonyeshe ninavyosafisha kioo cha nyuma huku gari likienda, na kwa mvua ile nilikuwa nimeshakisafisha kabla hajamaliza sentensi. Muda mwingine wote hakusema neno, anagusagusa kompyuta yake ya mkononi. Ukimya ule ndio unaovunja watu. Sisi tumezoea mtu akikukalia pembeni mnaongea. Akinyamaza unajua kakasirika. Huyu hakukasirika, ndiyo kazi yake. Tuliporudi akaniambia nimefaulu kwa sauti ileile aliyoniulizia breki.

Mzee alikuwa amesimama kwenye maegesho chini ya mwavuli. Hakunipongeza kwanza. Aliuliza: "Shingo ilienda?" Ilienda, mzee.

Ukishafaulu kuna miaka miwili ya uangalizi: ukifikisha pointi sita za adhabu ndani yake, leseni inafutwa na unaanza tena na ya kujifunzia, nadharia na vitendo vyote. Kukamatwa bila bima peke yake ni pointi sita na faini ya pauni 300, kwa hiyo ile tabia ya "nitalipeleka tu hapo dukani la shemeji" iache uwanja wa ndege.

Na bima ndiyo iliyonirudisha chini. Nilipiga simu nikiwa na furaha zangu, nikajibiwa na kijana mwenye adabu nyingi. Akauliza nimeendesha kwa muda gani, nikamweleza habari za Morogoro Road na Ubungo kabla ya daraja. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena kwa uangalifu: leseni ya Uingereza, nimekuwa nayo tangu lini? Nikamwambia tangu Jumanne. Bei aliyonitajia ilikuwa kubwa kuliko ya gari lenyewe. Nikazunguka kampuni nyingine, nikakubali kufungiwa kile kisanduku kinachopima unavyokanyaga breki na saa unazotoka, bei ikashuka hadi mahali pa kuvumilika, nikalipa kwa awamu. Wiki iliyofuata ratiba ikabadilika: bibi wa saa moja, babu wa saa mbili kasoro robo, na wengine watatu ambao awali walikuwa wa wenye magari.